Muulize Mwalimu wa Kikapu: Mwanangu atachezea nchi gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kijana wa miaka 15, nimemzalia Kisumu. Baba yake Mkenya, mimi Mtanzania, na tangu akiwa na miaka 4 tunaishi hapa Kirumba. Kocha wake wa mpira wa kikapu anasema atafika timu ya taifa. Ami yake aliyeko Kisumu naye anasema Kenya wamchukue. Pasipoti hana hata moja. Atachezea wapi? – Mama muuza dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mapema, na nimefurahi sana. Hapo ulipotaja pasipoti ndipo penye kazi.

Mechi za timu za taifa huchezwa kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani. FIBA haitazami mtoto amekulia wapi. Inatazama uraia, na tarehe alipoupata. Kikosi cha wachezaji 12 kinaruhusiwa mmoja tu aliyepata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Mmoja! Na timu nyingi nafasi hiyo humpa Mmarekani. Sudan Kusini walimpa Carlik Jones, mzaliwa wa Cincinnati, na katika Olimpiki ya 2024 wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Wenzake wengi walikulia Australia na Marekani, lakini hawakula nafasi hiyo, kwani uraia wao ni wa damu.

Mwanao naye ana damu ya pande mbili. Ila haki ya uraia ambayo haijaandikwa popote hadi mtoto amekuwa mkubwa inabidi ipelekwe FIBA kuombewa uamuzi, na mashindano hayasubiri. Niliwahi kumfundisha kijana mmoja, mrefu, mikono laini, mama yake wa nchi jirani. Pasipoti ya huko aliichukua ana miaka 19. Timu ikamtaka, nafasi ile ikawa imeshajaa, akabaki kutazama mechi jukwaani. Mpaka leo nikikutana naye pale Kamanga akisubiri kivuko, naumia. Mimi kocha wake ndiye niliyepaswa kumwambia mapema.

Kwa hiyo usingoje nchi ipi itamwita. Chukua cheti chake cha kuzaliwa, chako na cha baba yake, uende Uhamiaji hapa Mwanza ueleze hali yote kama ulivyonieleza mimi, na baba yake aanze upande wa Kenya. Pasipoti iwe na tarehe ya kabla hajatimiza miaka 16.

Kuchagua nchi ni suala jingine, na hapo nakuomba msikimbie. Akishatimiza miaka 17 na kuchezea nchi moja katika mashindano rasmi ya FIBA, amejifunga; kuhama kunahitaji kibali, na hakitolewi kirahisi. Tena sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo akifika miaka 18 atalazimika kuchagua hata kama hajawahi kugusa mpira. Ami asimvute, kocha asimvute. Mkalisheni mwenyewe mumsikilize.

Binafsi ningependa kumwona na jezi ya Tanzania, sikufichi. Lakini kwanza vyeti. Kama cha baba kimepotea, niandikie tena wiki hii hii.