Kuwaleta Unguja vijana wenye usonji na baba yao wa kiti cha magurudumu: anzeni na maji, hoteli baadaye

Dada yangu wa Nairobi, swali lako nimelisoma vizuri. Mna vijana wawili wenye usonji, wa miaka 14 na 16, mdogo hasemi na wote wanapenda maji kupita kiasi. Baba yao anatumia kiti cha magurudumu tangu ajali iliyomuumiza uti wa mgongo. Hamjawahi kusafiri nje ya Kenya, na unauliza hoteli ipi ya ufukweni Zanzibar itawafaa. Walionitangulia kukujibu wamekwambia usijisumbue, mkae Diani huko huko Kenya. Mimi nakaa Unguja, nina kijana wa miaka 17 mwenye usonji, na mama yangu mzazi yuko kwenye kiti tangu apooze upande mmoja. Pwani ya mashariki tunashuka kila tukipata nafasi. Inawezekana, tena watafurahi. Ila usianze na hoteli, anza na maji.

Huku kwetu bahari inajaa na kupwa sana. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Pwani ya Jambiani, Paje na Matemwe bahari inakwenda mbali hadi karibu na mwamba wa matumbawe, na mtu aliyelipia chumba cha mbele ya bahari anaamka asubuhi anaona mchanga na vidimbwi tu. Siku hizo za bamvua maji hujaa kama saa kumi alasiri, na saa nne asubuhi ndiyo yamekauka kabisa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka: maji mafu, yanajaa saa nne au saa tano asubuhi, wala hayapwi mbali sana. Wazee wetu wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu. Karibu na tarehe 8 na tarehe 23 ndiyo maji mafu. Kwa familia kama yenu, hizo ndizo siku za kuogelea: asubuhi, maji yametulia ndani ya mwamba. Tafuta tarehe zinazoangukia humo, kisha ndipo uulize hoteli ipi ina nafasi.

Wengi watakwambia mwende Nungwi au Kendwa kwa sababu huko maji hayaendi mbali na mnaogelea siku nzima. Ni kweli. Lakini huko pia ndiko kwenye muziki wa usiku, boti nyingi na watu wengi, na Kendwa wana sherehe kubwa za mwezi mpevu. Mwanangu pale hawezi kukaa, anaziba masikio tangu tukishuka garini. Paje nayo ina wale wanaovutwa na kaiti, yaani tiara kubwa, juu ya maji, zile kamba ni hatari kwa kijana anayekimbia bila kuangalia pembeni. Mimi nawapendekezea Jambiani. Kijiji kirefu, kimetulia, maji ya ndani ya mwamba hayana mawimbi makubwa. Pemba ni nzuri mno na nina ndugu huko, lakini kwa safari ya kwanza iacheni, hoteli ni chache na kufika ni safari nyingine juu ya safari.

Sasa nikwambie kwa nini nayashikilia haya maji. Mwanangu ni wa kuuliza. Akikwambia "tunaenda saa ngapi" na jibu likawa "baadaye", siku imeharibika. Tulichofanya, tulikata boksi la karatasi ngumu, tukachora mistari ya saa, tukapaka buluu saa za maji kujaa na njano saa za mchanga mkavu, kila siku na mstari wake. Pembeni kuna kibanio cha nguo, yeye mwenyewe ndiye anakisogeza. Siku ya kwanza alikwenda kusimama barazani na saa ya babu yake mkononi, akakiangalia kigingi cha mwani kilichobaki peke yake kwenye mchanga. Maji yalipokifikia akarudi mbio kuangalia boksi, akasogeza kibanio, akacheka peke yake. Toka hapo hakuuliza tena. Sisi wazazi huwa tunaahidi na mvua inanyesha, gari linaharibika, mgeni anakuja. Maji yanakuja kwa saa yake. Kijana anayehitaji kujua kitakachofuata, bahari yetu inampa ratiba anayoweza kuihakiki kwa macho yake. Kwa mwanao mdogo asiyesema, tumia picha badala ya saa: picha ya kuogelea kwenye buluu, picha ya kutembea kwenye njano.

Na hizo saa za njano ndizo saa za baba yao. Mchanga mkavu wa juu ni laini kama unga, magurudumu madogo ya mbele yanazama papo hapo. Lakini maji yakishatoka, mchanga ulioloa unabaki mgumu na tambarare, kiti kinakwenda mwendo mrefu bila taabu. Shida ni zile hatua chache za mchanga mkavu kati ya hoteli na mchanga uliolowa. Viti maalumu vya ufukweni vyenye magurudumu manene msivitegemee, waulizeni hoteli lakini jiandaeni bila hicho. Sisi tunatumia vipande viwili vya plaiwudi: unapita juu ya kimoja, cha nyuma kinahamishwa mbele. Bila plaiwudi, geuza kiti, mvute kinyumenyume ili magurudumu makubwa yatangulie. Kuingia majini tunatumia kiti cha plastiki chenye mikono, wanaume wawili wenye nguvu, mmoja kila upande, na wa tatu nyuma. Watu wa huku wana moyo wa kusaidia, watakuja mbio kumnyanyua kabla hajasema neno. Shemeji awaambie mapema washike wapi na wasishike wapi. Kiti chake cha magurudumu kisiingie kabisa baharini, na kila jioni kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi na mchanga vinakula beringi. Tairi likipasuka msihofu, fundi baiskeli yupo kila kijiji, ila njooni na mpira wa ndani wa saizi yenu.

Jambo la mwili wake mlichukue kwa uzito. Asiyehisi miguu hajui kama mchanga unamuunguza au jiwe limemkata. Avae viatu majini muda wote, kuna wadudu wa baharini wa miiba myeusi kwenye miamba na makali ya matumbawe, na mkitoka mkague miguu yake kidole kwa kidole. Kile kiti cha plastiki kiwekewe mto wake, ngozi ikikaa juu ya kitu kigumu na unyevu inaanza kidonda haraka. Tena wengi walioumia uti wa mgongo sehemu za juu, mwili haupoi kwa jasho kama wetu. Chupa ya kupulizia maji, kivuli, na saa za joto kali abaki chumbani. Kwa ajili yake Agosti ni afadhali kuliko Disemba: kusi linavuma, kuna ubaridi, ingawa bei ziko juu na mwani unatupwa ufukweni. Likizo ya Aprili sikushauri, ni masika.

Hoteli sasa. Neno "tunafikika" halina maana mpaka uone. Usikubali picha, omba video ya simu: mtu atembee kutoka getini hadi kitandani, kisha hadi bafuni, bila kukata. Aweke futi kwenye mlango wa bafu na asome sentimita kwa sauti. Milango ya chumba huwa mipana, ya bafu ndiyo inayokwamisha. Angalia kizingiti, angalia kama njia ni ya kokoto au ya saruji, angalia urefu wa kitanda, maana vitanda vyetu vya kamba na vya kuchonga vingine viko juu sana kwa mtu anayehama kutoka kwenye kiti. Chumba kiwe chini, na kiwe mbali na jenereta. Umeme hukatika, na lile jenereta likiwashwa usiku ndiyo mwanzo wa kilio. Waulize pia kama bwawa lina uzio.

Hilo la uzio ndilo nililolikusudia zaidi. Vijana wenye usonji wengi wanavutwa na maji na hawaoni hatari, na kuzama ndiko kunakoua wengi wao wakipotea. Hoteli nyingi huku bwawa liko wazi, na ufuo uko hatua chache kutoka mlangoni. Njooni na kitasa kidogo cha juu cha kufungia mlango kwa ndani, au kengele ya kubandika mlangoni inayolia ukifunguliwa. Nguo za kuogelea ziwe za rangi kali, njano au machungwa, msiwavalishe buluu wala nyeupe, hazionekani majini. Majaketi ya kujiokolea njooni nayo kutoka nyumbani, ya saizi yao, wayazoee kabla. Namba yako iandikwe kwenye bangili au kwa kalamu isiyofutika mkononi. Na siku ile ya kwanza mfikapo, kabla ya kufungua mabegi, wachukue vijana wote wawili ukawaonyeshe kwa askari wa hoteli, wa zamu ya mchana na wa usiku: hawa ni wanangu, ukimuona yeyote peke yake kuelekea majini, mshike mkono kwanza, mimi nipigie baadaye. Askari wa huku wakiambiwa kwa heshima wanakuwa wajomba kabisa.

Watu wa kijijini nao wanataka kuzungumzwa nao. Huku mtoto asiyemwamkia mkubwa anaonekana hana adabu. Tangulia wewe: "Shikamoo bibi, mwanangu huyu hasemi, lakini anakusikia." Uso wa bibi unabadilika saa hiyo hiyo. Wapo watakaouliza kama ana shetani, na wapo watakaokuelekeza kwa mtu wa kumsomea. Inaumiza, najua, mimi nimeishi nayo. Mimi hujibu kwa utulivu kwamba ni usonji, amezaliwa nao, na nikiombewa dua naitikia amina. Papasi wa ufukweni, wale wauza safari na vinyago, wasalimie wa kwanza utakaowakuta, uwaeleze mara moja kwamba vijana hawapendi kusogelewa wala kushikwa. Habari inatembea ufuo mzima, kesho yake wanawalinda. Na waeleze vijana kwamba kamba na vijiti vilivyo kwenye maji machache ni mashamba ya mwani ya kina mama, havivutwi. Kama kuna kijana anayevua nguo akisikia joto, chagueni nguo nyepesi isiyomkera shingoni, kwani kijijini hilo litawasumbua watu.

Safari yenyewe ni fupi, ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi ni kama saa moja na nusu. Mkitokea Kenya mtatakiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inatakiwa iwe imepita siku kumi kabla ya kusafiri, na ukijua vijana wako wanavyoiogopa sindano, lianzeni hilo mapema sana, lisije likagongana na maandalizi mengine. Shirika la ndege lijulishwe kuhusu kiti cha magurudumu siku mbili kabla au zaidi, na kama kina betri waambie ni ya aina gani. Ombeni kiti kiletwe mlangoni mwa ndege badala ya kwenye mkanda wa mizigo, na kipigeni picha kabla hakijachukuliwa; cha mama yangu kiliwahi kurudi na sehemu ya miguu imepinda, na picha ndiyo iliyotutetea. Kutoka uwanjani hadi Jambiani ni kama saa moja na zaidi kwa Noah ya kukodi. Daladala msijaribu.

Chakula, kama wanachagua, mpishi aambiwe wali mweupe kabisa, maana huku hata wali wa kawaida hupata tui, na pilau ina bizari. Njooni na unga wenu wa ugali mliouzoea. Adhana ya alfajiri itasikika popote kijijini. Iingize kwenye ratiba kama picha, mwanangu akijua inakuja hashituki. Dawa zote zije za siku zote na za akiba, kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari. Jambiani hospitali ya karibu ni Makunduchi, na kubwa ni Mnazi Mmoja mjini.

Matembezi myapunguze. Mji Mkongwe vichochoro ni vyembamba, pikipiki zinapita humo humo, na nyumba ni ngazi tupu. Bustani ya Forodhani, panapochomwa vyakula jioni, nendeni kabla ya magharibi, moshi na umati havijaanza. Msitu wa Jozani, kuwaona kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, inafaa sana asubuhi mapema. Boti ya kwenda kisiwa cha Changuu mnaipanda mkiwa mmeingia majini, kwa shemeji ni kazi kubwa, sioni kama inastahili.

Ukipata tarehe za likizo ziandike hapa, pamoja na upana wa kiti cha shemeji kutoka gurudumu hadi gurudumu. Nitaichora ratiba ya maji ya siku hizo niiweke kwenye uzi huu, uichapishe, umuanzishie kijana nyumbani mapema, wiki mbili tatu kabla hamjapanda ndege.