Jibu: Mji ukikopa kwa hatifungani kujenga mitaro, deni analipa nani?
Ndugu, umeuliza miji ya Marekani inapouza hatifungani, yaani hati za mkopo zinazonunuliwa na wawekezaji, ili ijenge mitaro ya mvua na njia za waenda kwa miguu, deni linamwangukia nani. Chukua Austin, Texas. Mwaka 2018 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 184 wa kudhibiti mafuriko na kulinda vyanzo vya maji. 2020 wakakubali milioni 460 nyingine kwa njia za miguu, baiskeli na usalama barabarani. Deni na riba yake hulipwa polepole kwa kodi ya ardhi na majengo. Riba huwa nafuu kwa sababu mwekezaji kwa kawaida hatozwi kodi ya mapato ya serikali kuu kwa riba anayolipwa.

Ila wengi husahau kwamba hatifungani hujenga tu, haizibui. Kusafisha mitaro kunataka fedha za kila mwaka, na Austin huzipata kwa ada ya maji ya mvua, inayopangwa kwa ukubwa wa eneo lililozibwa na paa, zege au lami. Mwenye uwanja mkubwa wa maegesho hulipa zaidi, na kwangu hiyo ni haki kabisa. Kabla ya kupiga kura, ulizeni bajeti ya matengenezo inatoka wapi.