Kabla ya kununua kifaa kingine cha baiskeli

Mwaka wangu wa kwanza wa kwenda Bagamoyo kwa baiskeli na wenzangu kila Jumamosi, makalio yaliniuma mpaka Jumatatu nilikiogopa kiti cha ofisini. Nikaenda dukani. Muuzaji akanionyesha kifuniko cha siti cha jeli, kinene kama mto, shilingi 45,000. Nikalipa bila kuuliza bei mara ya pili, maana mwenye maumivu habishani na bei.

Kilomita 10 za kwanza nilimshukuru. Tulipofika Bunju nilikuwa na ganzi, jambo ambalo siti ngumu haikuwahi kunifanyia.

Fundi wangu wa Tegeta, mzee aliyezeeka na spana mkononi, alikibonyeza kile kifuniko kwa dole gumba. "Mwanangu, ona kinavyobonyea. Mifupa yako inazama, halafu jeli inapanda hapa katikati kwenye nyama na mishipa. Toa." Akaniambia nikae juu ya baiskeli, niegemee ukuta, niweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti lilikuwa bado limekunjwa. Akainua siti mpaka mguu ukanyooka, akailaza ncha iliyokuwa imetazama juu. Dakika 10, shilingi 2,000. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kununua chochote. Baadaye nikaongeza kaptula ya baiskeli yenye pedi, na hiyo nakushauri ununue nzuri kadiri uwezavyo. Vaa bila nguo ya ndani, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaochubua.

Mbali na jeli, kuna vifaa vya bei ya kutisha. Mwenzetu kundini aliagiza vile vigurudumu viwili vya meno vinavyopitisha mnyororo nyuma, vikubwa kuliko kawaida, vyenye beringi za kauri. Zaidi ya dola 500. Vinasifiwa kuokoa wati chache, yaani nguvu kidogo za miguu, na sikatai kwamba kwenye maabara, mnyororo ukiwa safi, zinapimika. Lakini mnyororo wake ulikuwa mweusi kwa mchanga wa barabara uliogandamana na mafuta mazito, na uchafu ule unakula wati zaidi ya zile alizonunua. Inaniuma kuona kijana anayejibana kununua kitu kama hicho wakati matairi yake yamekwisha.

Afadhali nunua rula. Pima mnyororo kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini ya 24 baada ya hiyo: ukiwa mpya ni inchi 12 kamili. Ukirefuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ukisubiri ufike moja ya nane, umeshakula meno ya gia, na gia za nyuma ni ghali kuliko mnyororo. Wengi wanaogundua hivyo wanagundulia kwa fundi.

Sisemi kila kitu cha ajabu ni utapeli. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, Mmarekani Greg LeMond alifunga kwenye usukani wake vishikio vya wanariadha wa triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia), vinavyomfanya mwendeshaji aweke mikono mbele na kuinama. Alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Kwenye kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris akazifuta zote, akashinda mashindano kwa sekunde 8. Vile vishikio vilibadilisha mkao wa mwili, na kwenye tambarare mwili wako ndio unaopambana na upepo kuliko kitu kingine chochote. Boliti za titani na kishikio cha chupa cha kaboni havigusi tatizo hilo hata kidogo.

Kwa hiyo sasa, nikitamani kitu, najiuliza ni lini barabarani nilikihitaji nikakikosa. Tyubu ya akiba na pampu ndogo nimezihitaji mara nyingi. Taa ya nyuma naiwasha hata mchana, na hiyo sikuchagua ya bei rahisi: saa 11 alfajiri, Barabara ya Bagamoyo, malori ya mchanga yanapita karibu sana, na nataka dereva anione akiwa bado mbali.