Muulize Mzee wa Tiketi: Teke lililomtoa Amitabh

*Shikamoo Mzee wa Tiketi. Mimi na mjomba wangu hatuelewani. Yeye anashikilia kwamba Amitabh Bachchan alipata jina kwa Sholay, mimi nasema ni Deewaar. Tumewekeana dau la chipsi mayai na soda mbili. Tuamulie. (Msomaji, Ngamiani, Tanga)*

Marahaba mwanangu. Hizo chipsi nileteeni mimi, maana nyote wawili mmekosa. Picha mlizozitaja zilitoka mwaka 1975, na kufikia hapo Amitabh alikuwa steringi kamili. Iliyomtoa ni Zanjeer, iliyoanza kuonyeshwa India mwezi Mei 1973.

Kabla ya hapo jamaa alikuwa na nuksi. Aliingia mwaka 1969 na Saat Hindustani, kisha akacheza picha moja baada ya nyingine na nyingi zikadoda. Anand ya mwaka 1971 ilipendwa sana, lakini ile ilikuwa picha ya Rajesh Khanna. Amitabh alikuwa daktari mwenye uso mzito pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Mrefu kama mnazi, mwembamba, hacheki. Na enzi hizo mpenzi wa picha la Kihindi alimtaka Rajesh Khanna: ainamishe shingo, atabasamu, aimbe, kina dada wazimie.

Sasa waandishi wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, walikuwa na hadithi ya inspekta wa polisi ambaye utotoni aliona wazazi wake wakiuawa usiku wa sikukuu ya Diwali, na muuaji alivaa bangili ya mnyororo yenye farasi. Inspekta huyu ana hasira mwanzo mpaka mwisho, na haimbi hata wimbo mmoja. Steringi wa Kihindi asiyeimba! Majina makubwa yakakwepa, Dev Anand akiwemo. Lakini Javed alikuwa amemwona Amitabh kwenye Bombay to Goa ya mwaka 1972, katika kipande cha ngumi: anatandikwa, anaanguka, anainuka, na bado anatafuna bigijii yake. Wakamwambia mwongozaji Prakash Mehra: huyu hapa.

Kipande kilichomaliza kazi ni cha kituo cha polisi. Inspekta Vijay, mgeni kituoni, amemwita mwenye vilabu vya kamari, Sher Khan. Anayemcheza Sher Khan ni Pran. Wewe kijana humjui Pran, muulize mjomba. Kwa miaka na miaka ndiye aliyekuwa adui wa picha za Kihindi, na jina lake peke yake lilijaza ukumbi. Anaingia na nywele zake nyekundu, anatembea kama mwenye nyumba, anakwenda kukalia kiti kilichoko mbele ya meza. Kabla hajakaa, Vijay anakipiga kiti teke, kinaruka kule. Anamwambia mpaka aambiwe akae, asimame kwa adabu, hapa ni kituo cha polisi, si nyumbani kwa baba yake.

Mimi wakati huo nilikuwa mlangoni, nakata tiketi. Kazi yangu ilikuwa kubaki nje, lakini kipande hicho kikikaribia nilikuwa naingia na kusimama nyuma, na siku nyingine nilikuwa naangalia watu badala ya pazia. Ukumbi ulikuwa unalipuka. Vijana wa viti vya mbele nao walikuwa wanapiga mateke viti vya wenzao, na fundi seremala wetu alikuwa anaijua siku ya Zanjeer kwa kuhesabu miguu ya viti.

Nikuambie nilichokiona kwa kukiangalia kile kipande mara nyingi kuliko ilivyostahili: ukitaka kujua kwa nini Amitabh alitoka pale, mtazame Pran. Pran alikuwa mkubwa kuliko yeye kwa umri, kwa kazi na kwa jina. Angetaka, angekimeza kile kipande. Angeweka kicheko, angeweka jicho lake lile, na mwembamba yule angeonekana mtoto anayegombana na samani. Hakufanya hivyo. Alisimama akamwangalia, na katika kule kuangalia tukaamini kwamba mbabe amekutana na mtu. Kama Pran ameshtuka, sisi wa viti vya shilingi ni nani tusishtuke? Baadaye Vijay anavua magwanda na kumfuata mtaani kwake wapigane kiume, kisha wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na hata wimbo wa urafiki anauimba Pran. Lakini mambo yalishaisha pale kwenye kiti.

Mwezi uliofuata Amitabh akamwoa Jaya Bhaduri, yule aliyecheza mnoa visu humo humo kwenye Zanjeer. Mjomba mwambie na hilo, labda litampoza.

*Mzee, heshima yako. Sisi huku tunajivunia Lupita Nyong'o, lakini rafiki zangu wanadai alibahatika tu, picha moja na Oscar juu. Unasemaje? (Msomaji, Kisumu)*

Waambie wahesabu vizuri. Huyo binti alicheza Juliet pale Nairobi na kundi la Phoenix Players akiwa na miaka 14. Walipokuja Waingereza Kenya kupiga The Constant Gardener, alifanya kazi nyuma ya kamera, zile za kutumwa huku na huku. Mwaka 2009 alikuwa kwenye tamthilia ya Shuga, na mwaka huo huo akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu Wakenya wenye ualbino. Halafu akaenda kusoma uigizaji Chuo Kikuu cha Yale. Alipomaliza mwaka 2012 ndipo akaingia kwenye 12 Years a Slave ya Steve McQueen.

Ni kweli kwamba ilikuwa picha yake kubwa ya kwanza. Anamcheza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba kule Louisiana, mtu aliyeishi kweli, kwa maana Solomon Northup alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1853. Patsey anachuma pamba kuliko wanaume wote, na mwenye shamba, Epps, anamtamani na kumtesa kwa pamoja. Watu wengi hutaja kipande cha viboko. Mimi nakitaja kinachotangulia dakika chache tu, cha sabuni. Patsey ametoroka kwenda shamba jirani, Epps anamtafuta kama kichaa, na Patsey anaporudi anamwambia amekwenda kuomba sabuni kwa sababu mke wa Epps anamnyima, na ananuka mpaka anajichefukia mwenyewe. Anaonyesha kipande chenyewe mkononi. Kidogo hicho! Anayekiangalia ni Michael Fassbender, na hapo tena nakurudisha kwa Pran: Fassbender hamchezi Epps kama shetani wa hadithi, anamcheza mtu aliyeaibishwa na kipande cha sabuni. Aibu hiyo ndiyo inayompandisha Lupita. Yeye anasema kweli ndogo, yule mwenye nguvu zote anakosa pa kuweka uso, na sisi tunajua viboko vinakuja.

Tarehe 2 Machi 2014 akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Bahati ipo, mwanangu, siikatai. Ila kati ya Juliet na ile sanamu ya dhahabu ilipita miaka kumi na zaidi, na hao rafiki zako wameanza kuhesabu kwenye kapeti jekundu.

*Salaam aleikum mzee. Yule Msomali wa Captain Phillips kwani yuko wapi? Meli ile ilikuwa inakuja kwetu ujue! (Msomaji, Likoni, Mombasa)*

Waaleikum salaam. Najua, Maersk Alabama, meli ambayo picha hiyo inasimulia kisa chake, ilikuwa njiani kwenda Kilindini ilipotekwa na maharamia wa Kisomali Aprili 2009, na mabaharia wake wakaishia kushuka hapo hapo kwenu, bila nahodha wao.

Huyo unayemuulizia, aliyecheza mkuu wa maharamia, ni Barkhad Abdi. Alizaliwa Mogadishu, akakimbilia Yemen na familia, kisha Minneapolis, Marekani, akiwa kijana. Aliwahi kuendesha limuzini na kuuza simu. Watafutaji wa waigizaji walipofika mtaani kwao walijitokeza watu zaidi ya 700, wakachaguliwa yeye na rafiki zake watatu, wote wageni wa kamera. Mwongozaji Paul Greengrass akafanya ujanja mmoja ninaoupenda sana: hakuwaruhusu kukutana na Tom Hanks, anayemcheza nahodha, kabla ya siku ya kupiga kipande cha kuvamia chumba cha kuongozea meli. Kwa hiyo wanapoingia na bunduki, Hanks anawaona kwa mara ya kwanza. Ule mshtuko usoni mwake una ukweli ndani. Na pale Abdi anapomwambia amtazame, nahodha sasa ni yeye, maneno hayo aliyaongeza mwenyewe papo hapo. Mwembamba yule, mifupa mitupu, na jitu zima la Hollywood linatii.

Alipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza Februari 2014 na akatajwa kwenye Oscar, usiku ule ule wa Lupita, ila hakuichukua. Malipo yake kwa picha yalitajwa kuwa dola 65,000, na baada ya kupiga alirudi kuuza simu dukani kwa kaka yake. Yuko, anafanya kazi: mtafute kwenye Eye in the Sky, ambayo hadithi yake iko Nairobi, na kwenye Blade Runner 2049. Nafasi ndogo ndogo. Mimi naona wamemnyima. Mwenye uso ule hapewi nahodha mwingine wa kumtisha kila siku, na bado hakuna aliyemwandikia hata baba wa nyumbani mwenye deni la karo.

*Mzee, yupo aliyeshinda Oscar bila kusomea uigizaji, kwa picha yake ya kwanza? (Msomaji, Morogoro)*

Wapo. Haing S. Ngor, daktari wa Kambodia aliyenusurika kambi za utawala wa Khmer Rouge, kwa The Killing Fields ya mwaka 1984. Kabla yake Harold Russell, askari wa Marekani aliyepoteza mikono yote miwili, kwa The Best Years of Our Lives ya mwaka 1946. Russell alipewa Oscar mbili kwa kazi hiyo hiyo moja. Mwaka 1992 aliiuza mojawapo kwenye mnada, dola 60,500, akasema ni kwa matibabu ya mkewe. Ya pili hakuiuza.