Unataka ukocha wa timu ya wanawake chuo Marekani? Anzia usaidizi

Wadogo zangu, hasa mabinti mliocheza mpira mpaka chuo, mnanijaza inbox mkiuliza nilipataje kazi ya ukocha msaidizi huku Marekani, sasa naandika hapa kwa wote maana kujibu mmoja mmoja siwezi tena.

Nafasi zipo, na zipo kwa sababu ya sheria. Mwaka 1972 walipitisha Title IX, inayokataza ubaguzi wa jinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea hela ya serikali kuu, ndo vyuo vikaanza kuwawekea wasichana timu za maana, 1982 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakaanzisha ubingwa wa soka la wanawake na chuo cha North Carolina wakaubeba. Sa hivi timu ni zaidi ya 1,000 ukijumlisha madaraja yote matatu.

Wengi mnamtaja kocha Anson Dorrance, aliyefundisha wanawake wa North Carolina toka 1979 mpaka 2024 na hapo katikati akaipa Marekani Kombe la Dunia la 1991. Sawa, ni mkubwa, ila mi nakwambia msome Margueritte Aozasa. Alikuwa kocha msaidizi chuo cha Stanford miaka saba, chuo cha UCLA wakampa timu, na msimu wake wa kwanza tu, 2022, akachukua ubingwa. Hiyo miaka saba ndo uikazie macho.

Kwa anayetoka nyumbani mlango rahisi ni kusoma masters huku unasaidia timu, vyuo vingi vidogo vinakulipia ada na kukupa posho kidogo. Posho ni ndogo kweli, na viza ya mwanafunzi inakubana masaa 20 kwa wiki kazi za hapo chuoni, kwahiyo jipange kabla hujapanda ndege.

Halafu kazi yenyewe sio mazoezi kama mnavyodhani. Msimu ni Agosti mpaka Novemba, fainali Desemba, lakini kusaka wachezaji ni mwaka mzima, wikendi uko uwanjani kwenye mashindano ya mabinti wa sekondari na baridi yake, unaandika namba za jezi, usiku unaangalia video, na daraja la kwanza huruhusiwi kuanza kuongea nao kuhusu kuwasajili mpaka tarehe 15 Juni baada ya mwaka wao wa pili wa sekondari. Kitabu cha sheria kisome kama unavyosoma mbinu! Daraja la tatu ndo hakuna kabisa ufadhili wa michezo, hapo mzazi unamshawishi kwa ubora wa masomo, na kocha asiyejua kuongea na mzazi hasajili mtu.

Goti sasa. Wasichana wanachanika ligamenti ya goti kuliko wanaume, hili linaniuma sana maana nimeona mabinti wakilia kwenye benchi msimu mzima, jifunze FIFA 11+, yale mazoezi ya kupasha mwili ya kuzuia majeraha, na uisimamie kila mazoezi hata kocha mkuu akiwa na haraka. Binti wa miaka 18 yuko mbali na kwao, we ndo mtu mzima aliye karibu naye.

Leseni za ukocha za U.S. Soccer, shirikisho la soka la huku, anza na ya chini, panda taratibu.

Na ukiandika kuomba kazi, andika Desemba au Januari, msimu umeisha na makocha ndo wanahama, weka klipu ya wewe ukifundisha na sio ya magoli yako. Agosti usihangaike, hakuna anayefungua email.