Umeme Upo, Njia ya Kuupitisha Ndiyo Haitoshi: Wasomaji Wauliza, Wahandisi Wajibu

Habari za kazi, wataalamu. Tuliambiwa mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere imekamilika. Huku kwetu, ikifika saa moja jioni, taa zinafifia na friji inanguruma tu bila kugandisha. Halafu tukasikia kaskazini itapata umeme wa Ethiopia. Tatizo ni nini hasa?
*Msomaji, Moshi*

Nzuri, ndugu yetu. Swali lako wanaliuliza wengi, na wana haki ya kuuliza. Bwawa lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Wa mwisho ulikamilika 2025, wakati kilele cha mahitaji ya nchi nzima kilikuwa bado chini ya megawati 2,000. Kwa hiyo si uhaba wa kuzalisha. Shida iko kati ya Rufiji, bwawa lilipo, na nyumba yako.

Umeme wa bwawa hutoka kwa njia ya kilovolti 400 hadi kituo cha Chalinze. Kutoka hapo kwenda mbali, sehemu kubwa ya mtandao ilijengwa kwa kilovolti 220 na 132, enzi ambazo mahitaji yalikuwa madogo. Chukua megawati 300. Ukizisafirisha kwa kilovolti 220, kila waya unabeba takriban ampea 790; kwa kilovolti 400, ampea 430 tu. Umeme unaopotea kama joto hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo kwa waya wa aina ileile upotevu kwenye 220 ni zaidi ya mara tatu.

Lakini joto si kikwazo pekee. Njia ndefu huishiwa volti kabla waya haujapata moto. Kwa mamia ya kilomita, njia ya kilovolti 220 hubeba kwa raha takriban megawati 130; ya 400 yenye waya pacha (waya mbili sambamba badala ya mmoja), takriban 500. Ukizidisha hapo, volti za mwisho wa njia zinaporomoka. Mwisho huo ndiko uliko wewe, na saa moja jioni ndiyo saa ambayo kila mtu amewasha.

Kuhusu Ethiopia: Machi 2025 Rais Samia alieleza kuwa sababu ni upotevu wa kuutoa umeme kusini hadi kaskazini. Njia yenyewe ipo. Umeme hutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, kwa njia ya mkondo mnyoofu (DC) ya kilovolti 500 yenye urefu wa kilomita 1,045, kisha huingia kwetu kwa kilovolti 400 kupitia Isinya, Namanga, Arusha hadi Singida. Kiufundi ni uamuzi wenye mantiki. Cha kuangalia ni mkataba: kama una kifungu cha kulipia kiasi fulani hata usipokitumia, tutalipa mara mbili siku njia yetu wenyewe ya kaskazini itakapokamilika. Kiasi kiwe kidogo, na muda wake uendane na ratiba ya ujenzi wa njia hiyo.

Nina mashine ya kusaga, mota ya kilowati 30, njia tatu (fezi tatu). Iko kama mita 800 kutoka kwenye transfoma. Jioni mota inachemka na unga unatoka wa moto. Fundi mmoja ameniambia nifunge kapasita, mwingine anasema ni utapeli. Nimsikilize nani?
*Mama msagishaji, Mbozi*

Mama, pole na kazi. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Kabla hujatoa hela, pima. Tafuta fundi mwenye mita ya volti na klampu ya ampea, apime mara mbili: saa nne asubuhi na saa mbili usiku, mashine ikiwa inasaga kweli, si ikizunguka tupu. Apime pale kwenye mashine, kisha pale chini ya transfoma. Andikeni namba.

Kwa mota kama yako, kigezo cha nguvu (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli) mara nyingi huwa kwenye 0.75. Maana yake inavuta takriban ampea 58 ilhali kazi yake halisi ingetosha kwa 43. Kama waya ni wa alumini wa milimita za mraba 50, kwa mita 800 unapoteza takriban volti 54 kati ya 400. Mota inabaki na 346. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, nguvu ya kuzungusha hushuka kwa karibu asilimia 19, na mota huvuta ampea zaidi ili kufidia. Ndiyo moto unaousikia.

Kapasita huipa mota papo hapo ule umeme usiofanya kazi, ili usivutwe kutoka mbali. Ukifunga za kilova 15 (kVAr, kipimo cha ukubwa wake), kigezo hupanda hadi 0.93, ampea hushuka hadi 46, na volti zinazopotea njiani hushuka kutoka 54 hadi 45. Umepata volti tisa. Zinasaidia, na transfoma inapumua kwa wenzako pia, ila haziwezi kumaliza tatizo la umbali. Dawa yake ni waya mnene zaidi, au transfoma kusogezwa. Andika barua ofisi ya umeme ya wilaya na uambatishe zile namba za vipimo: lalamiko la "umeme mdogo" hukaa foleni, lakini "volti 346 saa mbili usiku, ampea 58, mita 800" humfanya mhandisi afungue ramani.

Ukiamua kufunga kapasita, zingatia haya. Kilova 15 ni nyingi mno kufungwa moja kwa moja pale waya unapoingia kwenye mota hiyo. Ukizima, mota ikiwa bado inazunguka, kapasita zinaweza kuigeuza jenereta na volti zikaruka. Zipewe kontakta (swichi inayojiendesha kwa umeme) yake yenyewe, inayoingia mota ikishashika kasi na kutoka kabla mota haijazimwa. Zisiachwe kwenye laini usiku mashine ikiwa imezimwa, kwani huzipandisha volti bila sababu. Baada ya kuzima, subiri dakika kadhaa kabla ya mtu kugusa, maana hubaki na chaji. Na mita yako ya T1 (kundi la bei la matumizi ya kawaida) inahesabu uniti tu, kwa hiyo usitegemee bili kushuka sana. Faida yako iko kwenye mota kudumu. Wateja wakubwa wa T2 na T3, wanaolipia pia kVA (kilele cha mzigo wao), ndio huona tofauti kwenye bili.

Kwa nini tusiweke sola kila paa tuachane na mabwawa na manyaya?
*Mwalimu wa sekondari, Shinyanga*

Mwalimu, nusu ya wazo lako tunaiunga mkono kwa mikono miwili, na umeandika kutoka mahali panapofaa. Kishapu, mkoani kwako, ndiko unakojengwa mradi wa sola wa megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa 50. Mahali pamechaguliwa vizuri: jua kali, mvua chache, na migodi ya Kanda ya Ziwa inayotumia umeme mchana kutwa iko jirani. Kila megawati inayozalishwa na kutumika hapo haipiti kwenye njia ndefu inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida.

Ila kilele chetu ni kati ya saa moja na saa nne usiku, jua limezama. Hapo ndipo bwawa linapofaa, kwa kushirikiana na sola: mchana sola ifanye kazi na mitambo ya maji ipunguzwe, maji yabaki bwawani, usiku yafunguliwe. Bwawa linakuwa betri yetu, bila kununua betri.

Na kuna jambo linalotutia hofu kuliko mengine, ambalo halisemwi vya kutosha. Mtera (megawati 80), Kidatu (204), Kihansi (180) na Julius Nyerere yote yamo katika bonde moja, la Rufiji. Mvua zikikosekana nyanda za juu kusini, hayapungui moja moja, yanapungua pamoja. Mpango unaohesabu mabwawa hayo manne kama vyanzo vinne tofauti unajidanganya. Ndiyo maana mitambo ya gesi ya Kinyerezi isibomolewe eti kwa sababu maji yamejaa leo, na upepo wa Singida na sola ya Shinyanga visiachwe vya mwisho.

Tumehimizwa kupikia umeme. Si tutaizidisha hiyo jioni?
*Msomaji, Kigamboni*

Mtaizidisha, ikiachwa bila mpangilio. Nyumba laki moja zikiwasha jiko la kilowati moja kwa wakati mmoja ni megawati 100. Lakini jiko la presha la umeme huchemsha na kisha hukaa muda mrefu likiwa limejizima. Chemsha maharage saa nane mchana, yafunike, jioni unaunga tu. Bei nayo ingesaidia. Kenya tangu Desemba 2017 huwapa viwanda nafuu ya nusu bei kwa matumizi ya ziada ya usiku wa manane. Kwetu mteja wa D1 (nyumba zenye matumizi madogo) hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi, iwe saa nane mchana au saa mbili usiku.

Mimi ni diwani. Mkipewa kalamu ya kupanga, mngeanza na nini?
*Mheshimiwa diwani, Singida*

Mheshimiwa, tungeanza na daftari la kila kituo cha kupozea umeme: mzigo wa kila saa kwa miaka mitatu. Wastani wa taifa hauonyeshi kwamba transfoma ya mji mmoja imejaa huku ya jirani ikilala. Kisha swali moja kwa kila kituo: kifaa kimoja kikubwa kikiharibika usiku huu, nani atakaa gizani? Pale ambapo jibu ni "mkoa mzima", ndipo pesa ziende kwanza.

Pili, mtambo usisainiwe bila njia yake. Kenya ilijifunza kwa gharama. Shamba la upepo la Turkana, mitambo 365 yenye megawati 310, lilikuwa tayari mapema 2017. Njia ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018. Fidia ya umeme ambao haukusafirishwa ililipwa, na ikaishia kwenye bili za wananchi.

Hapa ndipo wewe unapohusika. Njia ya kilovolti 400 inahitaji ukanda wa takriban mita 50. Kwa kilomita 100 hiyo ni hekta 500, zaidi ya ekari 1,200 za mashamba ya watu. Minara hujengwa haraka, ila tathmini, fidia na migogoro ya mipaka ndiyo hula miaka. Shamba la sola linaweza kukamilika kwa mwaka mmoja au miwili, njia yake ikachukua mara tatu ya hapo. Hakikisha vijiji vyako vina hati za mipaka zilizosainiwa kabla wapimaji hawajafika, orodha ya wenye mashamba imebandikwa ofisi ya kijiji, na fidia imelipwa kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa shimo. Anza na vijiji vilivyo kando ya njia iliyopo, kwani ukanda mpya mara nyingi hupitishwa sambamba na ule wa zamani.