Mgongo unaopinda kwa mtoto mwenye neurofibromatosi

Binti yangu wa miaka 7 ana madoa ya rangi ya kahawa mwilini. Fundi aliyempima sare ameniambia bega moja liko juu. Je, nisubiri akue? (Mama, Himo)

Usisubiri, mama. Madoa sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5 kabla ya balehe, ni miongoni mwa dalili za neurofibromatosi aina ya kwanza, yaani ugonjwa wa jeni unaoleta uvimbe kwenye neva, na mtoto mwenye ugonjwa huo akianza kupinda mgongo kabla ya miaka 10, mara nyingi mpindo huwa mfupi na mkali, wenye kushika pingili chache ambazo mfupa wake wenyewe umedhoofika, nao huweza kuongezeka ndani ya miezi michache. Mwambie ainame mbele huku umesimama nyuma yake. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za upande wa pili, akapigwe eksirei akiwa amesimama.

Fulana ngumu ya plastiki haitoshi? (Baba, Sakina)

Kwa mpindo wa kawaida wa nyuzi 20 hadi 40, mtoto akiwa bado anakua, huweza kusaidia. Mpindo mkali nilioueleza hausikii fulana. Mpindo huo unahitaji upasuaji, na kuuahirisha kwa matumaini ya fulana ni kupoteza muda ambao mtoto hana.

Eksirei imeshaonyesha mpindo. Kwa nini daktari anataka na MRI, tena ya gharama? (Mlezi, Usa River)

Kwa sababu eksirei huonyesha mfupa, ilhali hatari nyingine imo kwenye neva, ambazo MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, huzionyesha. Uvimbe wa neva huweza kupenya tundu la kati ya pingili, ukawa na sehemu ndani ya uti na nyingine nje, kama kibuyu chenye kiuno. Wakati mwingine hata kichwa cha ubavu huingia humo. Daktari akinyoosha mgongo bila kulijua hilo, miguu inaweza kupooza, kwa hiyo gharama hiyo mimi siihesabu kuwa ya anasa. Uvimbe mwingi si saratani, lakini maumivu yasiyokoma, uvimbe unaokua haraka, miguu kulegea au mkojo kushindwa kuzuilika ni mambo ya kumfikisha mtoto hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu wa mume wanasema ni laana ya ukoo wetu. (Mama, Moshi mjini)

Si laana. Ni hitilafu ya jeni kwenye kromosomu ya 17, na takribani nusu ya wagonjwa ndio wa kwanza katika familia zao.

Hakuna dawa ya kuuyeyusha uvimbe? (Baba, Njiro)

Ipo selumetinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto kuanzia miaka 2 wenye uvimbe wa neva unaowasumbua na usioweza kuondolewa kwa upasuaji. Kwa wengi huupunguza bila kuumaliza, na mgongo uliokwisha kupinda haiunyooshi.